Wankyo Anaishi Buhemba

Mwanamke anayefagia barabara inayoteremka kutoka sokoni Musoma kwenda Mwigobero, ziwani, anaitwa Wankyo, na ni mke wa nyumba ya Mugeta. Hilo la kwanza mji mzima unalijua, maana ni mrefu kuliko wanaume wengi, huvaa koti la manjano la kampuni, na akiwa na fagio mkononi hapigi soga na mtu. Hilo la pili limesemwa ovyo kwenye foleni ya benki, sokoni, na hata nje ya kanisa baada ya misa, na wengi wanaolisema hawajui mke wa nyumba ni nani. Ukoo wa Mugeta umetoa walimu, mkaguzi wa shule na katekista. Kama habari zake ni lazima zisemwe, afadhali ziandikwe na mtu wa ndani.

Mugeta alikuwa baba mdogo wa marehemu mume wangu, Renatus. Alikufa akamwacha mjane wake, Bhoke, pale Buhemba, na mabinti walioolewa mbali na hakuna mtoto wa kiume. Kwa desturi ya kwetu, mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwingine, ili nyumba yake isifungwe. Anayeolewa huitwa mke wa nyumba. Watoto atakaozaa, hata baba yao awe nani, ni wa nyumba hiyo na watabeba jina lake. Mapadri hawakulipenda jambo hili, na sisi tuliosoma hatukulizungumza mbele ya wageni, lakini halikuwa jambo la kificho. Lilikuwa na ng'ombe, mashahidi na chakula, na watu walishuhudia mchana kweupe.

Wankyo alitoka ng'ambo ya mto Mara, akiwa amemaliza darasa la saba. Bhoke alimwoa kwa ng'ombe wa kweli, si wa maneno, na kaka zake Wankyo walioa kwa ng'ombe hao hao. Nyumbani kwa Bhoke alizaa mtoto mmoja wa kiume, akaitwa Mugeta kama ilivyopasa. Mtoto alikufa kwa malaria kabla ya kuanza shule, akazikwa nyuma ya nyumba. Hakupata mwingine. Wanawake wale wawili waliendelea kulima mihogo na mtama, na Bhoke alipozeeka akawa haoni, Wankyo ndiye aliyemwogesha na kumlisha mpaka siku alipokata roho. Tulimzika kando ya mtoto. Mimi nilikuwapo.

Baada ya hapo shamba liliangaliwa na Prosper, mdogo wake Renatus, ambaye ni shemeji yangu. Wakati huo watu wa dhahabu walikuwa wanatafuta viwanja vya kuweka karasha, zile mashine za kusaga mawe, na kiwanja cha Bhoke kilikuwa karibu na barabara. Prosper alikiuza. Nyumba ikabomolewa, ikabaki kona ya makaburi, kwa kuwa kona hiyo hakuna aliyetaka kuinunua. Sisi tuliokuwa Bunda tuliambiwa Wankyo amerudi kwao.

Ni kweli alikwenda. Kaka zake walimpokea, wakampikia, kisha wakamwuliza ametoka kwake kwa kosa gani. Hakuwa na kosa la kuwatajia. Walikuwa watu waliooa kwa ng'ombe wake, na mwanamke akirudi, ng'ombe nao huweza kudaiwa. Kwa hiyo hawakuweza kufurahi. Akaondoka asubuhi, akaja Musoma. Alianika dagaa Mwigobero na kupanga chumba, mpaka ikaja miezi ambayo dagaa hazikupatikana na mwenye nyumba akabadilisha kitasa. Tangu hapo alilala kwenye kibaraza cha duka la vipuri vya pikipiki. Mwenye duka alimwacha kwa kuwa aliamka mapema, akafagia mbele ya duka na kwenda zake kabla halijafunguliwa, na tangu alipoanza kulala pale hapakuvunjwa tena kufuli. Huko kufagia ndiko kulikompa kazi. Msimamizi wa usafi alimwona, akampa fagio la mji.

Alilipwa mkononi kila mwisho wa wiki. Kisha ikaja kampuni mpya, na kampuni mpya haikutaka kusikia habari ya mkononi, kwa sababu ile iliyotangulia ilikuwa imewalipa wafagiaji ambao hawakuwahi kuonekana na fagio. Kila mmoja aliambiwa alete namba ya akaunti ya benki kabla mwezi haujaisha. Asiyeleta atahesabiwa kuwa hewa.

Wankyo alikwenda benki. Mlinzi alimsimamisha mlangoni.

"Mama, hilo furushi haliingii."

"Nitaliweka wapi?"

"Liache nyumbani."

Aligeuka akaondoka, na siku ya pili alirudi bila furushi, kwa kuwa vilivyokuwa ndani ya furushi alikuwa amevivaa: magauni yote mawili, sweta, na kanga zote, moja juu ya nyingine. Sufuria alikuwa ameiacha kwa muuza karanga. Ilikuwa saa za jua kali, na watu wa foleni hawakukosa la kusema.

"Mama, leo umevaa kabati zima?" kijana mmoja wa bodaboda alimwuliza.

"Wewe umeacha la kwako nyumbani ndiyo maana shati limechanika," Wankyo akasema, na foleni ikamcheka kijana.

Aliyemhudumia alikuwa Flora, binti wa Kabasa, kule Bunda ninakoishi, ambaye mama yake tunasali naye. Wankyo alitoa kitambulisho chake cha taifa kutoka kwenye mfuko wa nailoni aliouning'iniza shingoni. Alijiandikisha wakati Bhoke yu hai, na jina la Mugeta limo. Laini ya simu ilikuwa yake mwenyewe. Hapo hapakuwa na tatizo. Flora akaendelea na maswali ya fomu.

"Umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Jina la mume?"

"Bhoke."

Flora aliinua macho. "Bhoke si jina la kike, mama?"

"Ni la kike. Ni mwanamke. Alishafariki."

Wa nyuma yake alisikia, akawaambia wengine, na mwanamke mmoja mwenye kikapu cha nyanya akasema kwa sauti, "Jamani, na mimi nitafutieni huyo. Wa kwangu anakunywaga mpaka hela ya chumvi." Watu wakacheka sana. Hapo ndipo yalipoanzia yote yaliyosemwa mjini baadaye.

Flora hakucheka. Alimwambia amebakiza kitu kimoja tu, barua ya serikali ya mtaa ya kuthibitisha makazi yake. Akiileta, akaunti inafunguliwa siku hiyo hiyo.

Mwenyekiti wa mtaa ule anaitwa Elias. Ni fundi seremala, na barua za watu huziandikia kwenye meza yake ya kupigia randa, muhuri ukiwa kwenye kopo la misumari. Si mtu mbaya. Wankyo alimkuta akimalizia kitanda, wenye kitanda wamekaa kwenye mbao wanamsubiri.

"Unaishi wapi, mama?"

"Buhemba."

"Buhemba ni Butiama, wilaya nyingine. Mimi ni mwenyekiti wa hapa. Hapa unaishi kwa nani?"

"Hapa siishi. Hapa nalalaga tu."

"Haya, unalalaga wapi?"

"Kwenye kibaraza cha duka la vipuri."

Elias aliweka randa chini. "Sasa mama yangu, niandike nini? Namtambulisha kwenu mkazi wangu wa kibarazani? Si watanifunga mimi na wewe?"

"Andika ukweli."

"Ukweli huo hauna namba ya nyumba."

Hata hivyo hakumfukuza. Alimwambia arudi kesho yake, na aliporudi alikuwa ameshapata njia. Mlinzi wa ghala la nafaka, mzee Kija, alikuwa na nyumba yake ya vyumba viwili mtaani pale. Mkewe alikuwa amefariki, na yeye usiku wote yuko kazini. Kija alikubali iandikwe kwamba Wankyo anaishi kwake.

"Hutakanyaga hata mlangoni kwake," Elias akasema. "Ni karatasi tu. Naandika, nagonga muhuri, unakwenda benki."

"Niandikwe kwa Kija?"

"Ndiyo."

"Nikiandikwa kwa Kija, nimeolewa na Kija."

"Nani amesema habari ya kuolewa? Nimesema ni karatasi."

"Hata ndoa yako ya kanisani ni karatasi."

Wenye kitanda walicheka. Elias naye akacheka, akasema, "Hilo mke wangu asilisikie." Lakini alipoona Wankyo hacheki, alichukua tena randa yake. Alimwambia amefanya alichoweza, na mwezi haungojei mtu.

Kwa mtu wa mjini kukataa huku ni ujinga, na wengi wamekuita hivyo. Inafaa kueleza alichokuwa anakilinda. Kwetu mwanamke aliyetolewa ng'ombe ni wa nyumba ile hata wenyewe wakiwa wamekufa, na hata nyumba ikiwa imebomolewa. Akizikwa, anazikwa pale. Kinachomtoa ni ng'ombe kurudishwa, au yeye mwenyewe kutajwa kwa mwanaume mwingine na akanyamaza. Wankyo hakuwa na nyumba, shamba wala mtoto aliye hai. Kilichobaki chake Buhemba kilikuwa nafasi ya kulazwa kando ya mwanawe. Kama angeandikwa kwa Kija, siku ya kufa kwake mtu yeyote wa Buhemba angeweza kusema huyu alishaolewa Musoma, na angekuwa na barua yenye muhuri ya kuonyesha. Upande mwingine ilikuwapo kazi, na bila kazi hakuna chumba milele. Alivitaka vyote viwili, na siku zilikuwa zinakwisha.

Flora hurudi Kabasa Jumapili. Baada ya misa alinivuta pembeni.

"Mwalimu, samahani, kuna mama anatumia jina lenu. Anasema mume wake ni Bhoke Mugeta."

"Halitumii. Ni lake," nikamwambia. "Yuko wapi?"

"Anafagia barabara. Na nasikia analala nje."

Jumatatu nilipanda gari la Musoma. Nilimkuta Wankyo karibu na kona ya Mwigobero, takataka zikiwa zimekusanywa katika mafungu madogo yaliyolingana kama viazi vya sokoni. Kwa utaratibu wetu yeye na mimi ni wake wa nyumba mbili za ukoo mmoja, kwa hiyo aliegemeza fagio, akafuta mikono, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mke mwenzangu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mwanao Gaudensia hajambo? Alishajifungua?"

"Alijifungua. Wa kike."

"Mungu amsaidie."

Tulisalimiana hivyo katikati ya barabara mpaka tulipomaliza, maana salamu haikatizwi kwa sababu watu wanapita. Kisha nikamwambia nimesikia habari ya benki. Nikamwambia pia kwamba haipendezi mke wa nyumba ya Mugeta kulala kibarazani, na watu wanasema.

"Wanasemaga," alijibu. "Kibaraza kimeezekwa vizuri, hakivuji."

Nikamwambia aje Kabasa. Nyumba yangu ina vyumba vitupu, mwenyekiti wetu ananifahamu, barua ingeandikwa jioni hiyo hiyo.

"Kabasa ni nyumba ya Renatus," akasema. "Na Renatus alishaoa. Mimi nitaandikwa nani pale?"

"Mgeni wangu."

"Mgeni hapewi barua ya makazi, mke mwenzangu."

Ilikuwa imebaki Buhemba, na Buhemba ilikuwa na Prosper. Wankyo alikuwa amekwisha kumpigia mwenyekiti wa kijiji, Bernado, naye alimjibu kwamba hawezi kuandika kuwa mtu ni wa nyumba fulani kama wenye nyumba wanakana. Ilibidi wenye nyumba waulizwe mbele yake. Tukapanga Ijumaa. Wankyo alimwomba mwenzake amfagilie kipande chake siku hiyo, na mimi nilimpigia Prosper simu nikamwambia nakuja. Sikumwambia nakuja na nani.

Tulikutana Makutano, tukaenda pamoja. Alikuwa amevaa gauni moja tu, lililofuliwa ziwani na kunyooshwa kwa mkono, na furushi lake alilipakata njia nzima. Tulipofika Buhemba tulisikia karasha kabla hatujaona nyumba. Hatukupita kiwanjani. Tulikwenda moja kwa moja ofisi ya kijiji.

Prosper alikuja na viatu vya mvua, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Alinisalimia kwa heshima, kisha akamwona Wankyo, akakaa mbali kidogo na mlango. Mwingine aliyekuwapo ni mzee Ryoba, ambaye Bernado alimwita kwa kuwa yeye ndiye aliyeswaga ng'ombe wa Wankyo kuwapeleka ng'ambo ya mto. Ana miaka mingi na sauti ya kijana.

Bernado alianza. "Prosper, huyu mama ni nani kwenu?"

"Huyu aliolewaga na mama mdogo," Prosper akasema. "Sikatai. Lakini mama mdogo alishafariki, na mtoto hakuna. Sasa atakuwaje mke wa marehemu?"

Mzee Ryoba alininyooshea fimbo. "Na huyu mwalimu hapa, mume wake yuko wapi?"

"Renatus alishafariki, mzee. Unajua."

"Basi na yeye si mke wenu? Mwambie arudi kwao leo, mimi nipo nasikiliza."

Watu waliokuwa dirishani wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikuona kosa katika maneno yake.

"Shemeji alifunga ndoa kanisani," Prosper akasema. "Hii nyingine ni mambo ya zamani."

"Ya zamani. Ng'ombe zilitoka?"

"Zilitoka."

"Nilizipeleka mimi. Moja ilivunjika mguu kwenye kivuko, nikarudi hapa kwa miguu kuchukua nyingine, Bhoke akanipa bila kununa. Zilirudi?"

Prosper alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza wewe. Zilirudi?"

"Hazijarudi."

"Ulishakwenda kuzidai?"

"Bado."

"Basi kama si mke wenu, kesho asubuhi vuka mto, nenda kwa kaka zake, waambie mmemwacha dada yao na mnataka ng'ombe zenu na ndama wote mpaka leo. Nenda na hao rafiki zako wa karasha wakushike mkono."

"Wale kaka zake ni watu wa mapanga, mzee," Prosper akasema, na safari hii hata yeye alitabasamu kidogo, maana wote tulikuwa tunawafahamu.

"Basi ni mke wenu," Ryoba akasema, akaegemea ukuta kama mtu aliyemaliza kazi.

Hapakuwa na namna nyingine ya kuligeuza. Asiye mke lazima ng'ombe wake wadaiwe, na Prosper hakuwa amewadai, wala hakuwa na nia. Alisugua vumbi kwenye nyusi. Kisha akasema kile kilichokuwa kinamsumbua tangu mwanzo.

"Mimi sina ubishi na barua. Ninachoogopa, akishaandikwa wa hapa, kesho atadai kiwanja."

Wote wakamtazama Wankyo. Alikuwa amekaa kwenye benchi, furushi mapajani.

"Shemeji," akasema, "leo nimefuata barua. Nikija na habari ya kiwanja utaniona nimekuja na habari ya kiwanja."

Bernado aliandika. Aliandika kwamba Wankyo ni mke wa nyumba ya marehemu Bhoke Mugeta, kwamba makazi yake ni kijiji kile, na kwamba kwa sasa yuko Musoma kwa kazi. Prosper aliweka sahihi kwa niaba ya ukoo, na mtendaji wa kijiji akaja kugonga muhuri. Habari ya kiwanja inazungumzwa ndani ya ukoo, na itaendelea kuzungumzwa humo, si hapa.

Kabla ya kuondoka Wankyo alikwenda makaburini. Mahali paliposimama nyumba pana karasha na bwawa la maji machafu, na lundo la mchanga uliokwisha kusagwa lilikuwa limeteremka mpaka miguuni mwa kaburi la Bhoke. Aliweka furushi chini, akang'oa magugu, akausukuma mchanga kwa mikono mpaka ukaacha nafasi. Prosper alikuwa ametufuata. Alisimama nyuma yetu, kisha akasema kwa sauti ya juu ili kushinda mashine kwamba atamwambia mwenye karasha amwage upande mwingine. Wankyo alimshukuru.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa ndiyo siku ya mwisho iliyowekwa na kampuni. Nilikwenda naye benki, si kwa sababu hakuweza kwenda peke yake, bali nilitaka watu wa foleni watuone. Furushi alimwachia muuza karanga. Mlinzi alifungua mlango. Flora aliisoma barua, akaenda nayo kwa mkubwa wake, akakaa huko muda ambao ulitutosha kuhesabu mapanga ya feni yote, kisha akarudi. Mkubwa wake alikuwa amesema utaratibu unataka barua ya makazi, na hausemi makazi yawe Musoma.

Maswali yakaendelea pale yalipokuwa yameachwa. Mume: Bhoke Mugeta, marehemu. Safari hii hakuna aliyecheka, au kama yupo, alicheka kwa ndani. Makazi: Buhemba. Kazi: mfagiaji. Likabaki la mwisho, ndugu wa karibu wa kupigiwa simu likitokea jambo.

"Tuandike mwalimu," Flora akasema. "Si yuko hapa hapa."

"Huyu ni mke kama mimi," Wankyo akasema. "Mke hazikagi mtu. Andika Prosper Mugeta."

Flora alipunguza sauti. "Mama, si ndiye huyo aliyekutoa Buhemba?"

"Ndiye huyo. Pale anapajua vizuri."

Hakuwa na namba yake. Nilitoka nje kumpigia Prosper ili niichukue ile anayoitumia siku hizi, nikamweleza inahitajika kwa ajili gani. Nyuma ya sauti yake nilisikia karasha.

"Ameniandika mimi?" akauliza.

"Wewe."

"Kwa nini hakukuandika wewe, shemeji?"

"Mimi siziki."

Akanitajia namba taratibu, tarakimu moja moja, akairudia mara ya pili ingawa nilikuwa nimeshaisikia.

Wankyo alipeleka namba ya akaunti jioni ile, na jina lake likabaki kwenye orodha ya kampuni. Kwa muda aliendelea kulala kibarazani, akiwa na kadi ya benki ndani ya ule mfuko wa nailoni, kwa kuwa wenye nyumba wa Musoma wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo na mshahara huja wa mwezi mmoja. Sikupendezwa, nikamwambia, naye akanijibu kwamba atahama siku atakayoweza kulipa mwenyewe. Sasa amepanga chumba mtaani kwa Elias, na Elias ameandika kwenye daftari la mtaa kuwa yeye ni mpangaji, kwake ni Buhemba. Alimweleza kabla ya kuandika, akamwuliza kama hapo ameolewa na mtu. Wankyo alimwambia hapana, hapo yuko sawa.

Mwezi uliopita mzee Ryoba alipita Bunda kwenda hospitali, akalala kwangu. Aliniambia kwamba Prosper amejenga ukuta mdogo wa mawe kuzunguka makaburi, yeye mwenyewe, jioni akitoka kazini, na hakumwita mtu kumsaidia. Mchanga haufiki tena. Ndani ya ukuta kuna kaburi la Bhoke, kuna la mtoto, na upande wa mtoto ameacha nafasi ya moja zaidi.

Nilimpigia Wankyo nikamweleza. Alikuwa barabarani, nilisikia pikipiki zikimpita. Akauliza kama nafasi hiyo ina urefu wa kutosha, maana Prosper mwenyewe ni mfupi. Nilimwambia nikienda nitaipima.